Homa Iliposhuka Tulichinja Jogoo

Bukuru, pacha wangu,

Nakuandikia nikiwa kitandani, hospitalini hapa Kasulu. Ndorobo, wale mbung'o waliokuuma kule porini, kwenye mizinga yetu ya nyuki, na mimi hawakuniacha. Nina malale. Ugonjwa uleule uliokuchukua, huku watu wakisema umelogwa kwa kuwa mchana ulilala na usiku ukazunguka uani ukiongea peke yako.

Unakumbuka homa yako ilivyoshuka mara ya kwanza? Tulichinja jogoo. Ulicheka ukasema, "Butoyi, mwili wangu umeshinda." Ikarudi. Ikashuka tena, tukashukuru tena.

Daktari amenieleza, na tangu hapo sina raha. Vimelea vya malale ni vidudu vya chembe moja tu. Damu ikishavitambua kwa koti lao la nje, inatengeneza protini za kinga, zinavishika na kuviua. Ndipo homa inashuka. Lakini vichache vinakuwa vimeshabadili koti. Damu haivijui, inaanza upya kuvitafutia kinga, navyo vinazaana. Kumbe ulikuwa unashinda kweli, Bukuru. Kila mara ulishinda. Na kila mara vilibaki vichache.

Leo homa yangu imeshuka. Natamani kutoka mbio, ila mwili wangu mwenyewe siuamini. Dirisha lina nondo. Maharage yanaoza shambani Makere. Nimelala tu, dripu mkononi.

Halafu mkeo. Shemeji Anastazia alikwenda kuokota kuni porini kulekule, akarudi na homa. Nikamwambia kwa simu aje apimwe. "Nimeshapona, shemeji, usinitie uchuro." Nililia kwa hasira, miguu yangu isingenifikisha hata getini. Nikampigia tena, nikamwambia, "Hata Bukuru alikuwa anapona."

Akakata simu.

Jana amekuja kwa bodaboda, amenuna. Wamepima damu, wakaviona vinacheza. Wakapima na maji ya uti wa mgongo: havijafika kichwani kama vilivyofika kwako. Ee Mungu wangu, havijafika! Sasa yuko wodi ya wanawake, nyuma ya ukuta wangu, analalamika maharage hayana chumvi.

Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi sitamwacha atoke kabla dawa hazijaisha, hata akinitukana.

Na ameshaanza.

Mdogo wako kwa dakika chache,
Butoyi