Mama, Vijiti Vilikuwa Sawasawa

Bruseli, siku ya kwanza ya kazi, muchana

Mama yangu Zaina,

Nakusalimia kwa mikono miwili. Umeamkaje? Mugongo unakuachilia kidogo, ao ungali unapanda kitanda kwa magoti? Na mvua za kwetu kule Kasuku zimeacha jiko limesimama? Miye mwili uko muzima. Nakula, nalala kiasi, kazi iko. Ukisikia nasema mwili tu usishangae, utafika mahali utaelewa.

Mwamini mudogo wangu, najua njo weye unamusomea Mama hii barua. Nakuomba kitu kimoja: usiruke mustari. Nakujua. Ukiona pagumu unakohoa, unakunja karatasi, unasema "anatusalimia tu." Leo soma yote, pole pole. Na kwanza mutume mutoto wangu Omba kwa jirani akacheze.

Mama, nilikuambia kwa simu kwamba Madame Hilde atatupeleka Italia kufurahia siku yake ya kuzaliwa, miye na Lotte, binti yake mudogo ninayemulea. Ulicheka mpaka ukakohoa: "Weye Sifa, mutoto wa Kindu, utatembea kama bibi ya gavana!" Basi nimetembea hivyo. Uliniomba nikueleze kila kitu, na nitakueleza, kwa sababu sitaki kuanza na lile jambo lingine.

Muji unaitwa Firenze. Nyumba zake ni za mawe ya zamani, rangi ya muhogo uliokaushwa, na zimebanana kama watu wanaoota moto. Kwenye otele, mulango unafunguliwa na muntu aliyevaa glovu nyeupe, utafikiri mulango unaunguza. Kitanda changu na Lotte kilikuwa kipana, tungelala juu yake sisi wote wa nyumbani pamoja na wageni wetu wanaotoka Tunda, na hakuna muntu angeanguka. Ukifungua maji, yanakuja ya moto. Nilisimama chini yake mpaka Lotte akagonga mulango akiuliza kama nimekufa.

Mto wao ni mudogo. Mbele ya Lualaba ni kamutoto tu. Lakini wameujengea madaraja kila hatua, na juu ya moja wamepanga maduka ya dhahabu tupu, upande huu na upande ule. Niliwaza: sisi wenye mto mukubwa vile tunavuka kwa pirogi kwenda Alunguli, na hawa wanatembea juu ya dhahabu. Halafu nikamukumbuka baba ya mapasa, yeye aliyeniachia Shako na Omba wa tumbo moja, akaenda kule Kama kuchimba hiyo dhahabu akaoa kulekule. Nikaangalia kwenye vioo kama nitamuona amekaa ndani ya pete. Nilicheka peke yangu. Hiyo ilikuwa ijumaa. Ijumaa nilikuwa ningali nacheka.

Kesho yake tuliingia kwenye maduka. Madame alijaribu mikoba ya ngozi, akainusa kama vile weye unavyonusa samaki sokoni, akaacha huu, akarudia ule. Miye nilibeba mifuko mukono mumoja, Lotte mukono mwingine. Walituletea kahawa kwenye vikombe vidogo kama vya kuchezea watoto. Halafu tukafika kwenye duka la viatu vya watoto. Madame akanigeukia:

"Sifa, leo chagua viatu vya mapasa wako. Njo zawadi yangu. Usiangalie bei."

Mama, nilifurahi! Nilitoa palepale vile vijiti ulivyonipa kwa mukono wa mama Feza, muchuuzi wetu wa vitambaa anayekuja huku Bruseli na kurudi Kindu. Nilikuwa navyo ndani ya mukoba siku zote, nimevifunga kwa kitambaa. Vijiti viwili vya ufagio, kama tunavyofanya kwetu: mutoto anakanyaga chini, unalaza kijiti toka kisigino mpaka kidole, unakata. Cha Shako ulifunga uzi mwekundu. Cha Omba hakina kitu. Tangu vinifikie sikuvipima hata mara moja. Kwangu havikuwa vipimo. Ilikuwa miguu ya watoto wangu, nilikuwa navishika tu nikichoka.

Mwenye duka ni muzee, kamba ya kupimia iko shingoni. Alifurahi sana kuona vijiti. Akaingiza kimoja ndani ya kiatu, kikakaa vizuri. Akaingiza cha pili ndani ya kiatu kilekile, kikakaa vizuri.

"Kipimo kimoja!" akasema.

Madame akapiga makofi. "Mapasa! Hata miguu ni sawasawa!"

"Hapana, Madame," nikasema. "Shako ana muguu mukubwa. Tangu kuzaliwa."

Muzee akavilaza vyote viwili juu ya kioo, kimoja pembeni ya kingine. Akaniuliza watoto wana miaka ngapi. Nikasema sita. Akasema, "Basi ni wadogo hawa."

Vilikuwa sawasawa, Mama. Si sawasawa ya kukaribiana. Vilikatwa pamoja. Ulivishika vyote mukononi, kisu kikapita mara moja, kwa ule mukato wako wa kulala upande, kama unapokata majani ya lengalenga. Ulipima muguu mumoja.

Na njo weye ulikuwa unasindika kitambaa ndani ya sandale za Omba kila mara tuliponunua pea mbili za kipimo kimoja. Njo weye ulisema, "Huyu Shako atamaliza kukanyaga Kindu yote, Omba angali anatafuta kiatu." Shako alitangulia kutoka, mukubwa, analia kama fundi anayedai. Omba akamufuata kama mutoto wa paka. Siku ninaondoka, Omba njo nilimulilia mpaka kwenye kiwanja cha ndege. Shako sikumulilia. Nilimuambia tu, "Angalia ndugu yako."

Nilijidanganya kidogo pale dukani. Nilisema, labda Omba amekula wali mwingi, amemufikia mukubwa wake. Lakini kile kipimo kilikuwa kidogo. Muguu wa Omba unaweza kukua. Muguu wa Shako hauwezi kurudi nyuma.

Nikatoka inje na simu. Unajua yaliyofuata, lakini nayaandika, kwa sababu Mwamini sijui kama ulimuambia.

"Mama, niko dukani. Nipe Shako."

"Shako iko anacheza."

"Mwite."

Nikasikia unanong'ona. Halafu sauti ya mutoto:

"Mama, ni miye Shako."

Ile sauti ya puani, inayokwama mwanzoni kama moto ya asubuhi inayokataa kuwaka. Ningeijua katikati ya soko lote: ni Omba. Nikaitika:

"Ndiyo, Shako wangu. Umekula?"

"Nimekula wali na sombe."

"Na Omba? Omba iko wapi?"

Akafikiri kwanza. Mutoto hajui kudanganya mambo mawili kwa mara moja.

"Omba pia ni miye, mama."

Ukamunyang'anya simu. Ulisema rezo ya simu ni mbaya. Ulisema, "Utuletee viatu vizuri." Ukakata.

Sikulia. Madame alikuwa ananiangalia kupitia kioo, lakini si sababu yake. Kwetu pasa haliliwi. Mama akimulilia aliyekwenda, anamuita na aliyebaki. Hiyo sikuisoma popote, nilikuona. Siku yule mama wa mapasa pale ngambo ya barabara alipobaki na mumoja, weye njo ulimufunga mudomo kwa kitenge, huku machozi yako mwenyewe yanakushuka mpaka shingoni. Ukamuambia, "Meza. Meza, kwa ajili ya huyu wa mugongoni." Basi pale inje ya duka nikaelewa. Uliogopa nitalia huku, mbali, peke yangu, bila muntu wa kunifunga mudomo, na Omba atamufuata ndugu yake. Njo maana ulinificha. Nimemeza, Mama. Nimemeza mpaka leo.

Mangaribi walitupeleka kula. Meza inje, mishumaa, kila muntu na vikombe vingi vya kioo mbele yake kwa kinywa kimoja. Waliniletea samaki mwenye limau. Watu wakamuimbia Madame, hata wasiomujua wa meza zingine, na Lotte akasinzia kwenye mapaja yangu. Nilikata kipande cha samaki, nikakiweka pembeni ya sahani. Cha Shako. Mapasa hula pamoja, hata mumoja akiwa hayupo. Mutumishi akakuja, akaona nimeacha, akaniuliza kama sikupenda. Nikasema nimeshiba. Akachukua sahani, akaipeleka.

Hapo njo nilikumbuka jani lako.

Unakumbuka, wakati wa vita, tulipokimbia Kailo tukaingia porini. Nilikuwa kadogo kuliko mapasa sasa, na Mwamini ulikuwa umemubeba mugongoni. Baba alibaki nyuma. Kila tulipokaa kula, hata kama ni muhogo mubichi, ulikata kipande ukakiweka juu ya jani: "Hiki cha baba yenu, iko nyuma anakuja." Asubuhi jani liko tupu, na miye nilifurahi, nilisema baba amepita usiku, amekula, amechoka kutuamusha. Nilitembea kwa sababu ya lile jani. Miguu ilivimba, nikatembea. Tulipofika Kindu, kabla hata ya kunywa maji, uliketi chini ukaomba wembe ukanyoa nywele zako zote, kama mujane. Njo siku niliyojua kwamba ulijua tangu siku ya kwanza.

Sijawahi kukuambia asante. Nakuambia leo. Ungeniambia ukweli kule porini, ningekaa chini, na pale ningebaki.

Jumapili walitutembeza. Kanisa lenye kichwa kikubwa chekundu, ngazi, watu wanapiga picha, jua zuri. Halafu nyumba ya picha za zamani. Kuna moja ya mama amekaa na watoto wawili wanono miguuni pake. Nikamuuliza Madame, "Ni mapasa?" Akasema hapana, mumoja ni wake, mwingine ni wa jamaa. Nilisimama pale muda. Mama ana nguo ya bluu nzuri, fremu yake ni dhahabu tupu, lakini watoto wote wawili miguu chini, hakuna aliyevalishwa kiatu. Madame akauliza kama naumwa. Nikasema naangalia rangi.

Sasa sikia, Mama. Nakupenda, na nitasema kwa nguvu.

Usimufanye tena Omba kuwa watoto wawili. Miye ulinidanganya kwa jani, na jani ni jepesi. Yeye unamubebesha muntu. Unamubebesha jina la ndugu yake kila simu inapolia, na yeye njo wa mwisho aliyelala naye mukeka mumoja. Atakua akifikiri kwamba kuwa Omba peke yake hakutoshi, kwamba mama yake anataka Shako, na yeye ni kitambaa cha kusindika ndani ya kiatu. Sikubali. Hata kama inatoka kwako, sikubali.

Sikuulizi leo kama iliyomuchukua ilikuwa homa ao ilikuwa mto. Nataka kujua, na sitaki. Utaniambia nikikaa chini mbele yako, ukinishika kichwa. Lakini nauliza hili tu: alikuwa ananiita? Hapana, usijibu hata hilo.

Viatu nilinunua pea mbili. Ya kwanza kwa kipimo cha kijiti, ya rangi ya udongo, hiyo ya Omba. Ya pili nilimuomba muzee anipe namba inayofuata, kubwa. Alishangaa, akaonyesha vijiti. Nikamuambia, "Nipe tu, Shako ana muguu mukubwa." Hiyo ni ya bluu. Mama, najua akili yako: utaona ni viatu vizuri, utasema vitunzwe mpaka Omba akue avivae. Usifanye hivyo. Hivyo si vya Omba. Mushike Omba mukono, muende pale mulipomulaza ndugu yake, mupeleke wali kidogo, muviweke. Umuambie kwa kinywa chako: hivi ni vya Shako, hivi ni vyako. Asilie, lakini aelewe. Wezi wakivichukua kesho yake, wavichukue. Shako atakuwa amepewa.

Halafu mukirudi nyumbani, mukanyagishe Omba chini, umupime tena. Kata kijiti kimoja. Kimoja tu, bila uzi. Mupe mama Feza, anayekuletea mufuko huu, aniletee akirudi huku. Najua neno lile haliwezi kutoka kinywani mwako, na kwa mapasa halifai kutoka. Kijiti kikinifikia peke yake, nitajua umeniambia. Sitakuuliza tena.

Nisalimie muyomba wangu wa Kailo, mukumbushe lile paa kabla mvua kubwa haijafika. Nisalimie mama mudogo wa Tunda na kelele zake. Mwambie sabuni za otele ni zake, asinyang'anyane na mama Feza njiani. Nisalimie jirani wetu fundi baiskeli, aliyekuwa anawapandisha mapasa mbele na nyuma akiwazungusha mutaa. Mwamini, asante kwa kusoma mpaka hapa. Futa uso, Omba anarudi sasa hivi.

Na yeye mumuambie mama yake anamusalimia Omba. Omba tu, na anatosha.

Miye binti yako,
Sifa, mama ya mapasa