Jiko Chini ya Kitambaa

Buhare, Musoma
9 Machi 2024

Mdogo wangu Burito,

“Mama amepikia kuni tangu kabla hatujazaliwa na hajafa. Jiko la umeme ni kiburi cha watu wa mjini.” Uliyasema hayo mbele ya ukoo mzima siku ya kipaimara cha binti yangu Gloria, na watu wakakupigia makofi. Sikutaka kuharibu sherehe. Sherehe imeisha.

Kwanza salamu. Huku hatujambo, ila vumbi limetuletea mafua. Wifi na watoto hawajambo? Biashara ya sufuria hapo soko la Bunda inaendaje?

Sasa nikujibu. “Hajafa” si hoja. Mtu anayekohoa mpaka ashike ukuta naye hajafa. Mganga wa zahanati alimwambia mama, nikisikia, kwamba kifua chake ni kama cha mvutaji sigara wa miaka mingi. Mama yetu hajawahi kushika sigara. Alichovuta ni moshi wa ugali tulioula mimi na wewe. Na mila hiyo unayoitetea, sijawahi kumwona mwanaume wa ukoo wetu akiitetea akiwa ndani ya jiko. Mnaitetea mkiwa nje penye hewa, mnasubiri maji ya kunawa.

Umeme umefika kijijini. Nimemnunulia jiko la induksheni, bapa kama sinia, halitoi moto wala moshi. Silasi wa Hiace atalifikisha kwa mama Butiama Jumatatu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kupigiana kelele.

Dada yako,
Matrida


Bunda
2 Aprili 2024

Dada Matrida,

Shikamoo. Pole na kazi ya kufundisha wanafunzi, na sisi wengine ambao hatukujiandikisha. Huku wazima. Mtoto wa mwisho alikuwa na homa, imeshuka.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Mwanamke unapiga kwa kalamu wewe! Mke wangu akaniuliza, “Umeshtakiwa?” Nikamwambia, “Nimeshahukumiwa.”

Lakini ugali wa muhogo na mtama hausongwi kwa vitabu. Mama anakaa kwenye kigoda, anabana sufuria kwa miguu, anasukuma mwiko kwa mgongo mzima. Hicho kisinia chako kitamkimbia. Mimi nimeuza sufuria miaka kumi na tisa, najua kipi kinapikwa kwa kipi. Ungeniuliza ningekwambia. Ila wewe huwaga huulizi, unatangaza.

Mdogo wako,
Burito


Buhare, Musoma
21 Aprili 2024

Burito,

Natumaini homa ya mtoto haijarudi. Sisi tu wazima.

Nimempigia mama. “Jiko linaendaje?” “Ni zuri, mwanangu. Mungu akubariki.” “Leo umepika nini?” “Ugali na sato, tumekula.” Umesikia? Ugali, wa muhogo na mtama, na hakuna kilichomkimbia.

Siku nyingine ukitaka kubishana na mimi, njoo na kitu zaidi ya kigoda.

Dada yako,
Matrida


Bunda
8 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Habari za siku nyingi. Sisi tupo.

Nilipita Butiama mwezi wa nane kupeleka mahindi. Jiko lako nimeliona, safi kabisa, halina hata doa. Mama anakohoa sana. Ghati, yule jirani yake, anasema siku nyingine anashindwa kufika kisimani. Sijui utasemaje na jiko lipo. Ukipata nafasi nenda mwenyewe ukaangalie.

Mdogo wako,
Burito


Buhare, Musoma
3 Novemba 2024

Burito,

Mama yuko kwangu. Analala ameketi, ameegemea mito mitatu, kwa sababu akijinyoosha anakosa pumzi. Daktari amesema mapafu yaliyoharibika hayarudi, na moshi wa kuni asiusogelee tena. Nyumba ya Butiama nimeifunga. Kuku amewachukua Ghati. Kila asubuhi mama ananiuliza atarudi lini kwake, nami namwambia bado.

Nilikwenda wiki mbili baada ya barua yako. Wiki mbili! Nilikuwa nasahihisha mitihani. Nilimkuta kwenye moshi, kanga mdomoni. Jiko lilikuwa chumbani juu ya meza, limefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya wageni.

Nikamuuliza mbona halitumii. Akatazama chini. “Lilinikataa, mwanangu. Nilitenga sufuria, likalia pii, pii, likazima. Kila nikitenga, linalia. Nikasema pengine mkono wangu umezeeka.”

“Na ulichoniambia kwenye simu?”

“Uliniuliza tumekula nini. Tulikula. Zawadi ya mtoto mtu anaisemaje vibaya?”

Sufuria zake zote ni za aluminiamu. Jiko lile linataka chuma kinachonasa sumaku. Maelezo yalikuwa kwenye boksi, kwa Kiingereza, na mimi niliyesoma vitabu vyote hivyo sikuyasoma. Nilituma jiko bila sufuria, nikauliza kwa simu, nikaridhika na jibu nililolitaka. Hilo ni langu, nimemwambia hivyo mama uso kwa uso.

Lakini Ghati alikuwepo mwezi wa nane. Anasema ulifunua kitambaa, ukacheka, ukasema, “Hili halitaki aluminiamu, Matrida hajui.” Ukafunika tena. Wewe ambaye sumaku ya kuchambulia vyuma chakavu haitoki mfukoni mwako. Dukani kwako sufuria za chuma zinazonasa zipo, nimeziona. Moja ingetosha. Ulimwacha akohoe ili mimi nionekane mjinga, kisha ukaniandikia kwamba jiko ni safi.

Usiniandikie tena. Panda gari Jumamosi hii uje Buhare, ukae mbele ya mama, umwambie kwa mdomo wako kwamba ulijua. Na kabla hujaondoka Bunda, isome barua hii kwa sauti mbele ya Gibson na Dafroza na wauza sufuria wengine wote wa mstari wako hapo sokoni. Ninyi mnaouza: mteja akitaja jiko la induksheni, mpimieni sufuria kwa sumaku mbele ya macho yake, na isiponasa mwambieni asinunue. Anzeni kesho asubuhi.

Dada yako,
Matrida