Skeli Uliyojifunza Upya

Baba yangu,

Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike, na theluji ya Toronto bado haijaisha. Kuna jambo nilipaswa kukuambia ukiwa hai.

Unakumbuka kiharusi kilivyokuacha. Mguu ulirudi, lakini vidole vya mkono wa kushoto vikakosa nguvu ya kubana nyuzi za gitaa. Wewe, uliyepiga solo kwenye bendi ya dansi kule Morogoro miaka kumi na minne. Gitaa likakaa nyuma ya mlango wa chumba chako, hapa mtaa wa Jane na Finch, mpaka siku uliporudi kutoka dukani na kipande cha bomba la shaba. Ukalilaza gitaa mapajani, ukashika bomba kwa ngumi na kulitelezesha juu ya uzi.

Ilitoka sauti ya paka aliyekanyagwa mkia. Tulicheka wote.

"Tunaanza darasa la kwanza," ulisema. "Do, re, mi."

Kila asubuhi kabla sijaenda kazini ulipiga skeli ileile, ngazi ya noti, kupanda na kushuka. Ulinifundisha kusikiliza: bomba lisimame juu kabisa ya kile kichuma cha shingo ya gitaa, likibaki nyuma kidogo tu noti inashuka.

"Fa imefika?"

Nilikujibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, kwamba bado kidogo. Ukarudia. Majira yote ya baridi yaliishia hapo. Siku skeli ilipopanda na kushuka bila kuyumba, ulifuta macho kwa mkono ule mzima.

Halafu Neema, mtoto wa dada yako, akanipigia simu. Alitaka umpigie wimbo mmoja kwenye harusi yake. Nikaona akilini ukumbi mzima unakutazama, simu zimeinuliwa, bomba linakosa noti. Nikamwambia, "Baba amekataa. Hajisikii."

Nawe ulikuwa umeshasikia fununu ya ombi lake. Uliniuliza mara mbili, "Neema hajapiga simu?" Mara zote mbili nikasema bado.

Harusini ulivaa koti la kijivu. Watu walipoinuka kucheza, nikaona mkono wako mfukoni, umeshika kitu. Lilikuwa bomba. Nikageukia pembeni.

Nilijidai nakulinda. Kweli ni kwamba niliona aibu, Baba, na aibu ile haikuwa yako hata kidogo.

Neema alikuja mazikoni na kinyongo chake. Aliamini mjomba wake alimnyima wimbo mmoja tu. Jumamosi nikaenda kwake Scarborough, nikamweleza yote, yeye amesimama jikoni na mwiko mkononi.

Aliuliza neno moja. "Kwa hiyo Mjomba alikuwa tayari?"

"Alikuwa tayari."

Akazima jiko, akaketi sakafuni, akalia. Nikaketi karibu naye. Hakunifukuza, wala hakusema amenisamehe.

Wewe sikuweza kukuomba radhi ukinisikia. Nakuomba sasa. Pumzika.

Ni mimi, binti yako.