Swali Moja la Sista

Shangazi yangu, shikamoo kutoka hospitali ya misheni, Tosamaganga. Baridi ya huku inauma, lakini viazi vya kuchoma ni vitamu, nasi wajawazito tunaosubiri siku zetu tunaota moto pamoja.

Jana aliletwa mwanamke kwa machela, uchungu siku ya tatu. Mama mkwe wake anamfokea, "Taja wanaume uliotembea nao, mtoto atoke!" Sista akauliza moja tu: "Uchungu ulianza lini?" Daktari akampasua. Leo anakunywa uji, mtoto ananyonya.

Nikamlilia dada Tulia. Siku ya uchungu wake mimi nawe tulimuuliza majina ya wanaume mpaka akakata roho, na hakuwa na la kutaja. Nikijifungua salama, Shangazi, twende wote kaburini tukamwombe radhi.

Mwanao akupendaye,
Semeni