Kwa Fundi Baridi, Aliyetupikia Kila Jumamosi

Mwaka umezunguka tangu Jumamosi ile ulipovua aproni, ukaitundika kwenye msumari, ukachukua mfuko wako wa vifaa na kwenda kutazama jokofu la bucha. Hukurudi. Moyo wako ulisimama hukohuko, umepiga magoti nyuma ya jokofu, bisibisi mkononi. Mwenye bucha alituambia hukulalamika hata kidogo. Tulimwamini. Hata siku ulipobanwa kidole na mlango wa friza ulisema tu kwamba friza imekusalimia.

Tunakuandikia tukiwa wazima, ila hatutakudanganya kwamba mwaka huu ulikuwa mwepesi.

Mtaa mzima bado unakuita Fundi Baridi. Watu wanasimulia ulivyokuwa ukiegemeza sikio kwenye mota na kusema, "Jokofu haliumwi, linanuna. Tujue kwanza nani kaliudhi." Ulitengeneza leo, na kesho ukapita tena bila kuitwa, kuuliza limelalaje. Jirani wa nyumba ya kona anasema tangu uondoke hakuna fundi aliyemuulizia jokofu lake hali. Wanatengeneza, wanakwenda zao.

Siku nyingine zote ulikuwa mtu wa watu. Jumamosi asubuhi ulikuwa wetu. Ulipika mkate wa mayai: vipande vya mkate vilivyochovywa kwenye mayai yaliyopigwa, vikakaangwa mpaka kingo zikakauka. Ulipika huku umefunga mlango. "Fundi hatazamwi akiwa kazini," ulisema, na mkeo, mtunza stoo wa hospitali, mwanamke asiyeamini mzigo mpaka aufungue mwenyewe, alikaa mezani na kungoja kama wengine. Sahani zilitoka moja moja, kila moja ukaiweka mbele ya mwenyewe.

Tangu uondoke hakuna aliyeupika. Mkeo alisema uji unatosha, na jambo akishalisema huwa limekwisha.

Lililomshinda ni Bosi.

Unamjua binti yako kitindamimba. Wewe ndiye uliyempa cheo hicho kabla hajaota meno, kwa sababu akilia nyumba nzima ilisimama wima. Mwaka huu Bosi aliacha kula. Hakugoma wala hakulia. Alianza kwa kubakiza kidogo, na mkeo akadhani ni msiba, utapita. Kidogo kikawa nusu. Ikafika mahali akawa anabakiza sahani yote na kula kidogo. Sare ya shule ikamning'inia kama bado iko kwenye kamba ya kuanikia.

Mkeo alibembeleza, na unajua kubembeleza si kipaji chake. Akakemea. Siku moja akamwambia, "Humalizi, huinuki," na Bosi akakaa pale mpaka akasinzia na kijiko mkononi, chakula kikiwa palepale. Mkeo akampeleka kwa daktari wa watoto pale kazini kwake. Daktari akampima, akampima tena, akasema ugonjwa haoni, lakini mtoto akipungua zaidi ya hapo itabidi walazwe yeye na mama yake. Mkeo aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Wodi ile anaijua kitanda kwa kitanda. Mashuka yake yanatoka stoo kwake. Kuanzia siku hiyo akawa anaamka kabla ya kengele ya saa, anakwenda kusimama mlangoni kwa Bosi, anasikiliza kama anapumua.

Sasa mwaka ulipokaribia kutimia, dada yako alifika na begi lake na mdomo wake, vyote vimejaa. Alimtazama Bosi mara moja tu, akamvuta mkeo jikoni.

"Mpikie mkate wa kaka."

"Sitaki."

"Huutaki wewe au hautaki mtoto?"

"Wifi, mtoto anakula vijiko viwili. Nikimtonesha kidonda akaacha na hivyo viwili, nitamwambia nini daktari?"

"Kidonda kisipooshwa kinaoza. Na hilo nakufundisha wewe, mtu wa hospitali?"

Mkeo akarudi kwenye uji wake. Lakini Jumamosi ya kutimiza mwaka wako alikuwa jikoni kabla ya mtu yeyote, anatazama mayai kana kwamba yeye ndiye atakayeyataga. Alivunja la kwanza, ganda likaingia bakulini. Akalitoa kwa kidole.

Mwanao Mrefu akaingia akipiga miayo. Yeye sasa ndiye anayefungua karakana yako asubuhi, na tayari ameanza kuinamisha kichwa mlangoni kama wewe, ingawa fremu ya mlango wa jikoni haigusi kichwa chake.

"Mama, maziwa unayo? Na sukari uongeze."

"Sukari ya nini? Baba yako aliweka chumvi na pilipili manga."

"Mama. Mimi mkate ule nimekula tangu nina meno mawili. Ulikuwa mtamu."

"Nami niliula kabla hujazaliwa. Ulikuwa na pilipili."

Dada yako akatokea, anajifunga kitambaa kichwani. "Nyote mmepotea. Kulikuwa na kitunguu."

"Kitunguu?"

"Kitunguu, kimekatwa chembamba kama uzi. Kila nilipokuja hapa. Wifi, una diploma ya ugavi, umeshindwa na yai?"

"Diploma haikuwa na somo la mume anayejifungia jikoni."

Wakabishana. Mrefu akasema labda shangazi anachanganya na nyumba nyingine anakokula chakula cha watu. Shangazi akasema labda Mrefu urefu umeizuia damu kufika kichwani. Mafuta yakaanza kutoa moshi. Mkeo akazima jiko, akageuka na kumtazama mwanawe.

"Uliwahi kuonja uliokuwa kwenye sahani yangu?"

"Nani angethubutu? Sahani yako unailinda kama stoo."

Hapo wote wakatazamana.

Wewe unaijua sheria ya mkeo: kila mtu na sahani yake, kijiko chake, kikombe chake, hakuna kuonjeshana, mafua hayana adabu. Aliiweka tangu Mrefu akiwa mchanga na wote tukaifuata. Basi miaka yote hiyo tumekaa meza moja, tukasifia mkate mmoja, kumbe kila mtu alikuwa anakula wake. Wa pilipili kwa mkeo, wa maziwa na sukari kwa Mrefu, wa kitunguu kwa dada yako alipotutembelea. Ulijifungia mle ndani ukatupikia mmoja mmoja, na hukusema.

Dada yako alicheka mpaka akajikalia sakafuni, na alipofika sakafuni hakuwa anacheka tena.

Mkeo hakucheka wala hakulia. Alikuwa amebaki na swali moja: wa Bosi ulikuwa vipi? Mrefu hakujua. Dada yako hakujua. Akikosea, mtoto ataona hata chakula cha baba yake kimekufa. Akimwuliza, huenda ndiyo akafunga mdomo moja kwa moja. Alisimama akifuta mikono ambayo ilishakauka. Kisha akaenda, kwa sababu kusimama hakujawahi kumsaidia mtu.

Bosi alikuwa macho, amekaa kitandani, magoti kidevuni.

"Tunapika mkate wa baba," mkeo akasema. "Wa kwako umetushinda. Njoo utuelekeze."

"Ni wa mayai tu."

"Wa mayai vipi?"

Bosi akaficha uso magotini. Mkeo akaona hapa ameharibu, akawa anatafuta namna ya kuondoka bila kuonekana anakimbia.

"Upande mmoja," Bosi akasema.

Akaja jikoni, akapanda juu ya kreti, akaanza kazi ya cheo chake.

"Usizamishe. Laza tu. Sasa toa. Shangazi, sio hivyo, unauzamisha."

"Nisamehe, Bosi."

"Na huu upande mwingine?" Mrefu akauliza.

"Huo unabaki mkavu. Ndio wa kushikia."

"Kwa nini?"

"Ili nisishike mafuta. Nikishika mafuta nafuta kwenye gauni, halafu mama ananigombeza."

Mrefu akaguna kwa kicheko. Mkeo alikuwa anakumbuka magauni yale ya Jumamosi, safi kama yamenunuliwa jana, na jinsi alivyojisifia kazini kwamba amemfunza binti yake adabu ya mezani. Aligeuza mkate bila kusema neno.

Tukakaa. Sahani nne, mikate minne tofauti, na kwa mara ya kwanza watu wakachungulia sahani za wenzao. Wa mkeo ulipoa bila kuguswa. Alikuwa anaangalia mkono wa Bosi tu. Mkono ukashika upande mkavu, ukapeleka mdomoni. Bosi akauma. Akauma tena. Alikula kama mtu aliyetoka safari, haongei, hatazami pembeni. Dada yako akamfinya mkeo chini ya meza kwa furaha, mkeo akauondoa mkono wake. Alikuwa bado hajaruhusu furaha.

Na kweli, ilipobaki pembe ndogo ya mkate, Bosi akaiweka chini, akaficha mikono mapajani.

"Nimeshiba."

Haikuwa shibe, na mkeo aliiona. Macho ya mtoto yalikuwa bado kwenye ile pembe.

"Bosi, hicho kipande kina nini?"

"Hakina kitu."

"Basi kimalizie."

Akatikisa kichwa.

"Mwache mtoto, wifi. Kala vya kutosha leo."

"Simwachi. Kila siku kipande, kila siku kipande. Nataka kujua." Akalainisha sauti, kwa kadiri anavyoweza. "Sikugombezi. Niambie tu."

Bosi alisema akiitazama sahani. "Baba alisema kabla sijamaliza sahani yangu atakuwa amerudi."

Ni kweli ulisema. Tulikuwepo. Alitaka kukufuata kwenye kazi ile ya bucha, ukamshika kichwa mlangoni, ukamwambia maneno ambayo baba yeyote angemwambia mtoto yeyote, nasi tukayasahau palepale. Yeye hakuyasahau.

"Walipokuja kutuambia nilikuwa bado sijamaliza," akasema. "Kwa hiyo bado. Nikimaliza, atakuwa amedanganya."

Mrefu aliinuka akaenda kusimama kwenye sinki, ametupa mgongo. Mwaka mzima tulidhani mtoto anajinyima chakula. Kumbe alikuwa analinda jina lako, sahani kwa sahani.

Mkeo akavuta kiti chake mpaka kikagusa cha Bosi. Aliogopa kuliko alivyoogopa kwa daktari. Neno moja likienda kombo hapa, hakuna wodi ya kulitibu.

"Baba yako hakudanganya," akasema. "Alipotoka aliacha chai yake hapa mezani, akaifunika kwa kisahani. Mtu asiyetaka kurudi hafuniki chai. Alitaka kurudi, Bosi. Alikufa. Aliyekufa hadaiwi ahadi."

"Hata nikimaliza?"

"Hata ukimaliza."

Bosi akafikiri. "Chai yake ilienda wapi?"

Swali hilo hakuna mtu mzima aliyewahi kuliuliza. Mkeo aliinamisha macho kwanza.

"Niliinywa mimi. Jioni ile, watu wakiwa wamejaa sebuleni."

"Ilikuwa ya moto?"

"Ilishapoa."

"Uliinywa yote?"

"Yote. Mpaka majani ya chini."

Bosi alimtazama mama yake usoni, kwa muda, kama mtu anayekagua kazi ya mwenzake. Kisha akatoa mkono mapajani, akachukua ile pembe ya mkate, akaitia mdomoni. Alitafuna taratibu mno. Tulimsikia akimeza.

"Nimemaliza," akasema, akalia. Alilia kwa sauti, kile kilio cha zamani cha kusimamisha nyumba, ambacho mwaka mzima hatukukisikia, na mkeo akamshika na kumwacha alie mpaka alipochoka mwenyewe. Dada yako akasema tusimnyamazishe, na safari hii hakuna aliyembishia.

Hatutaki kukupambia maneno, Fundi. Kesho hatuijui. Wiki ijayo Bosi anapanda tena kwenye mizani ya daktari, na mkeo atakuwa pembeni ameshikilia mkoba wake kwa mikono yote miwili. Jana jioni alibakiza wali kidogo, mkeo akaganda na mwiko mkononi, akamwuliza, "Hiyo ni ya baba?" Bosi akasema, "Hapana mama, hiyo ni shibe." Mkeo ameamua kumwamini. Hata hivyo usiku aliamka akaenda kusikiliza mlangoni.

Wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye Jumamosi hii iliyopita alipika mlango ukiwa wazi. Mwanao Mrefu, anayewaambia wateja wako kwamba majokofu yao yamenuna. Dada yako, ambaye amesema anaondoka kesho na begi lake halijafungwa. Na Bosi, aliyetaka iandikwe hapa kwamba yeye hajawahi kusema umedanganya.

Hatukungoji tena mlangoni, baba. Tunakukumbuka, na hilo halina kumaliza.