Gauni Lako la Kijani

Dada yangu,

Mama hajambo, na cherehani yako bado inakata uzi.

Jumamosi nilivaa gauni lako la kijani kazini, pale kibandani kwa mama. Yule fundi baiskeli, mpenzi wako wa kwanza, hakujua umeshasafiri. Aliingia nimempa mgongo, napiga pasi. Akanivuta nywele, akanibamiza uso mezani: "Si nilikukataza kulivaa hili?"

Nilipogeuka akashtuka. "Samahani, shemeji. Nilidhani ni dada yako."

Nikamkandamiza pasi ya moto kwenye mkono uleule ulionivuta nywele, mpaka mama akaja kunibandua.

Dada, ule mlango uliosema ulikuvunja jino, nimeshaujua. Na mimi umenivunja langu.

Gauni nimelifua, damu imetoka. Njoo ulivae.

Mdogo wako, kibogoyo mwenzio