Walipotupima Viuno

Nyumbani kwa dada yako,
Chumba cha uani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, goti limepoa, na baridi ya huko imekuonea huruma kidogo. Tunasikia hata jua likitoka huko ni la maonyesho tu, halina kazi. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama presha imeshuka, ulimi ndio haujashuka. Mimi mikono bado ina alama za pasi, lakini nimezizoea kama mtu anavyozoea pete.

Siku ile ulipopiga simu nilikuwa jikoni. Mama alikuweka kwa sauti kubwa, kwa hiyo nilikusikia vizuri uliposema, "Huyo mtoto ameua, mkae naye mbali." Mama alitikisa kichwa kama mtu aliyepata hukumu aliyokuwa akiitafuta. Sikuingia. Simu ile ilikuwa ya Mama. Barua hii ni yangu, na naomba uisome mpaka mwisho hata kama itakuuma.

Mtoto unayemsema ni Kitindamimba wetu, uliyembeba mgongoni kabla hujasafiri. Mama amekueleza kwamba aliwachochea wasichana kazini, wakajifungia kwenye chumba cha moto, na mwenzao mjamzito akapoteza mtoto. Maneno hayo yametoka kwa kampuni yakapita kwa Mama yakafika kwako, na kila yalipopita yaliongezewa chumvi.

Kazini kwetu ni kiwanda cha kufulia. Mashuka ya hoteli na ya hospitali yanaingia kwa mlango wa nyuma yakiwa na kila uchafu wa binadamu, yanatoka mbele yakinukia maua. Katikati tuko sisi. Chumba cha pasi ndicho kibaya zaidi: roli ndefu za moto, mvuke, vidirisha vilivyo juu kabisa karibu na dari, na mlango mmoja wa chuma wenye komeo kwa nje.

Kila mwanzo wa mwezi tulikuwa tunapimwa viuno. Sikutanii, Mama Mdogo. Msimamizi anasimama mlangoni na utepe wa fundi cherehani, anakuzungushia tumboni, anasoma namba kwa sauti kama anauza kitambaa. Aliyenenepa anaambiwa kesho asije. Kampuni haitaki kusikia habari ya likizo ya uzazi. Kuna mwenzetu mmoja alifukuzwa hivyo, akarudi na cheti cha daktari kwamba hana mimba, ana uvimbe. Wakamwambia basi vizuri, hata wagonjwa hatuwataki. Tulimzika kabla ya mwaka kuisha.

Na aliyeshika utepe alikuwa Mrefu. Ndiyo, Mrefu wako. Yule rafiki yako uliyeandamana naye ujanani kudai haki za wanawake kazini, aliye nawe kwenye picha ya sebuleni, wewe mdomo wazi, yeye ameinua bango juu ya vichwa vya watu wote. Kitinda amekua akiitazama picha ile. Alipopata kazi kiwandani alinirukia shingoni: "Dada, nami nitasimamiwa na Mrefu wa Mama Mdogo! Tumepona!"

Mwezi wake wa kwanza alipofika mlangoni, alikataa kuinua mikono.

"Mama," alimwambia, "si wewe uliyeandamana na mama yangu mdogo?"

Mrefu hakukasirika. Alitabasamu kabisa. "Tuliandamana, mwanangu, na tukapata. Kabla yetu hakuna mwanamke aliyewahi kuwa msimamizi hapa. Sasa mimi ni msimamizi. Inua mikono."

Kitinda aliinua. Lakini nilimwona uso, nikajua jambo hilo halijaisha.

Wasichana walianza kukutana kwenye saluni ya rafiki yao, chini ya kelele za mashine za kukaushia nywele ili asiye wao asisikie. Sisi wakubwa tulikuwa tunawacheka. Tulisema damu changa hiyo, itapoa wakianza kulea. Kati yao alikuwepo mmoja tunayemwita Kimya, maana unaweza kukaa naye zamu nzima usisikie sauti yake. Alikuwa na mimba ya kwanza, mimba iliyosubiriwa na ukoo mzima wa mumewe, na alikuwa akijifunga tumbo kwa kitambaa kila asubuhi mpaka anatapika. Ni kwa ajili yake hasa Kitinda alipata wazo. Alisema, "Wote tukiwa na matumbo, lako nani atalijua?"

Basi siku ya kupimwa ilipofika, kila mwanamke alikuja na taulo alilolikunja chini ya ovaroli. Hata sisi tuliowacheka tulikunja zetu. Ungeona foleni ile! Bibi wa Sabuni, ambaye hana jino wala mume, alifunga mto mzima. Mrefu alipomuuliza ni nini hiki, akajibu, "Mapacha, na baba yao ni Meneja." Tulicheka mpaka watu wakashika ukuta. Mrefu alisoma namba tatu nne, akakunja utepe wake.

Meneja akashuka. Tulidhani atafoka. Alizungumza kwa upole, kama daktari.

"Wajawazito wote hawa mnawasimamisha juani? Waingizeni chumba cha pasi wapumzike."

Tukaingizwa. Akaagiza roli ziwashwe zote, vidirisha vifungwe, na atakayetaka kutoka agonge, avue taulo, aonyeshe tumbo tupu, aende zake nyumbani moja kwa moja. Mrefu ndiye aliyevuta komeo.

Mwanzoni tuliimba. Halafu wimbo ukapungua wenyewe, maana pumzi haikuwepo. Mvuke ulikuwa mzito kiasi kwamba sikumwona aliyesimama karibu yangu. Wenye watoto wadogo nyumbani walianza kugonga, na hakuna aliyewalaumu. Mlango ulifunguka kidogo, mwanamke anavua taulo, Mrefu anamtazama tumbo, anatoka, komeo linarudi. Tukabaki wachache.

Na hapo ndipo Kitinda alipoelewa, nami nikaelewa. Sisi wengine tulikuwa na cha kuvua. Kimya hakuwa nacho.

Alikuwa ameketi juu ya marundo ya mashuka, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Kisha akaanza kumwita Mrefu. Kimya, Mama Mdogo! Alimwita kwa jina lake, tena na tena, sauti ambayo hatukujua anayo. Kitinda alikuwa anapiga mlango kwa ngumi: "Mama, fungua! Huyu ni kweli! Huyu wa kweli!"

Tukamsikia Mrefu upande wa pili, karibu kabisa, kama aliyeegemea mlango.

"Wote mmesema ni kweli."

Mlango ulipofunguliwa Kimya alikuwa chini, na mashuka ya hospitali yaliyokwisha pigwa pasi yamelowa damu. Meneja alichungulia akauliza nani atayafua tena. Tulimbeba kwa shuka mojawapo kati ya hayo mpaka barabarani. Mtoto alitoka amekufa. Na ili mama asimfuate, madaktari walimtoa kizazi. Aliambiwa yote hayo asubuhi moja, na nesi aliyekuwa na haraka.

Kampuni ilikuwa haijamaliza kukausha sakafu, tayari ina maneno yake: wasichana walijifungia wenyewe, kiongozi wao ni fulani. Mama mkwe wa Kimya alikuja hapa nyumbani na wanawake wa kwao, akamtemea Kitinda mate usoni mbele ya majirani. Kitinda hakujifuta. Alikuwa akingoja Mama yetu aseme neno. Mama alilisema. Aliingia ndani, akatoka na nguo za Kitinda kwenye ndoo, akazimwaga uani.

"Umeua mtoto wa mwenzio. Tumbo langu lilikosea kuendelea mpaka kwako."

Dada yako alimwambia hivyo kitindamimba wake. Uliposema tukae naye mbali, mwenzio alikuwa ameshatutangulia.

Tangu siku ile Kitinda analala saluni, kwenye kochi la wateja. Lakini hao wasichana wenzake, niliodhani watatawanyika kama vifaranga, hawakutawanyika. Walikwenda ofisi ya kazi wakashtaki. Walifukuzwa getini, wakarudi. Walimpata wakili kijana, naye mwanamke, anayevaa viatu vilivyokwisha soli upande mmoja. Siku ya kusikilizwa sote tulijaa kwenye chumba chenye feni isiyozunguka.

Kampuni ilimleta Kimya kama shahidi wao. Mumewe ndiye aliyemleta, kamshika kiwiko. Wakili wa kampuni alimwambia kwa sauti tamu, "Usiogope, mama. Tuambie tu ni nani aliyekuingiza kwenye mchezo ule."

Kimya alisimama. Hakumtazama wakili wala Kitinda. Alimtazama Mrefu, aliyekaa benchi la mbele na mkoba magotini.

"Nilikuita kwa jina lako. Ulinisikia?"

Mrefu akafungua mkoba, akaufunga tena.

"Mama, nakuuliza. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ulijua ni mimi?"

"Sauti yako sikuwahi kuisikia kabla ya siku ile," Mrefu akasema. Kisha akasema, "Nilijua ni wa kweli."

"Mbona hukufungua?"

"Niliambiwa nisifungue."

Wakili wa kampuni alikaa chini bila kuambiwa.

Kwa hiyo tulishinda, Mama Mdogo. Ngoja nikueleze tulivyoshinda. Kupima viuno kumepigwa marufuku, na ikaamriwa Kimya, aliyefukuzwa akiwa bado hospitali, arudishwe kazini. Kitinda alipoteza kazi kwa sababu ya uchochezi. Meneja amehamishiwa kiwanda kingine cha kampuni, kikubwa zaidi. Mrefu alifukuzwa wiki ile ile kwa kosa la ukatili kwa wafanyakazi, kampuni ikajifuta mikono kwa nguo yake. Kimya alipotoka mle chumbani mumewe hakumshika kiwiko tena, alitangulia peke yake. Ameshaoa mwingine. Vitambaa vya meza vya ukumbi wa harusi ile vililetwa kwetu kufuliwa, na Kimya, alipoitwa kusaidia kushusha, akavipokea mlangoni kama mzigo mwingine wowote.

Kitinda sasa amekonda, macho yamekuwa makubwa. Anajua sehemu yake katika jambo lile, hahitaji kuambiwa na mtu. Usiku hasemi, mchana hakai. Amekuwa mguu wa yule wakili, anatoka kiwanda hadi kiwanda akiwasikiliza wanawake getini. Nilimwuliza kama hachoki. Akasema, "Nikikaa chini, Dada, nitasikia ule mlango."

Mama Mdogo, sikuombi umsamehe, maana sijui unamsamehe nini. Nakuomba umpigie simu wewe mwenyewe. Mwulize habari zake. Anakuheshimu kuliko mtu yeyote duniani na hajathubutu kuuliza ulisema nini siku ile.

Mrefu nilikutana naye sokoni. Amepinda mgongo, ule urefu wote umekwisha. Aliuliza habari zako, akasema nikusalimie, akasema utaelewa. Salamu nimezifikisha. Kuelewa ni juu yako.

Sasa jambo la mwisho, na ukishalisoma uchome ukurasa huu, si utani. Baada ya utepe kupigwa marufuku, kampuni imeleta vikombe. Binti anayetaka kazi anapewa kikombe, anaenda chooni, mkojo unapelekwa kupimwa. Mwenye mimba haajiriwi. Asiye nayo akishaajiriwa rasmi, sheria inamlinda hata akibeba mimba kesho yake. Wakili na Kitinda wamefungua kesi nyingine kuhusu vikombe hivyo, lakini kesi inatambaa na mimba hazingoji.

Kimya walimrudisha kazini kama walivyoamriwa, ila walimpeleka kusafisha vyoo, wakidhani atachoka aondoke mwenyewe. Siku moja alimkuta binti mdogo kabisa ameegemea sinki analia, kikombe mkononi kitupu. Hakumwuliza kitu. Alikichukua kile kikombe, akaingia chooni, akafunga mlango, akatoka nacho kimejaa.

Sasa siku za vikombe anakunywa maji mengi tangu alfajiri. Mabinti wanajua. Wakubwa wanajua. Nilimfuata nikamwambia akikamatwa atafungwa. Alikuwa anasugua sakafu, hakuacha kusugua.

"Walinitoa vyote vilivyokuwa ndani yangu," akaniambia. "Hiki walikisahau."

Mama anakusalimu, na hajui kama nimekuandikia. Kaka mkubwa na mkewe wanakusalimu. Bibi wa Sabuni anauliza kama huko kuna wanaume wazima. Nawe tusalimie baba mdogo na watoto, waambie dada yao mkubwa anawawaza.

Mungu akukinge na baridi hiyo, akupe moyo wa kuinua simu.

Mtoto wa dada yako, nikupendaye hata ninapokusema,

Dada wa Kitinda